Meno ya mtoto yanapolegea mapema mno

Meno ya utotoni huanza kung'oka mtoto akifikisha miaka 6 hivi. Ya mwanao yakilegea akiwa na miaka 3 au 4, bila kuanguka wala kugongwa, mpeleke kwa daktari wa meno. Kabla hujatoka nyumbani, mwangalie pia viganja na nyayo.

Upo ugonjwa wa kurithi unaoshika fizi na ngozi kwa pamoja. Unaitwa Papillon-Lefèvre, kwa majina ya madaktari wawili Wafaransa walioueleza mwaka 1924. Ni adimu sana, hivyo hata mhudumu wa afya anaweza asiufikirie, na mama akaambiwa tu kwamba hampigishi mtoto mswaki. Ngozi ya viganja na nyayo huwa nene, ngumu, yenye wekundu na magamba, na wengi hudhani ni fangasi. Daktari wa meno anatazama kinywa, wa ngozi anatazama mikono. Wewe ndiye unayeviona vyote viwili, basi vitaje vyote kwa kila daktari.

Meno yenyewe huota vizuri, kwa wakati wake. Kisha fizi huvimba, hutoa damu na usaha, kinywa hunuka, na mfupa unaoshikilia meno huliwa. Kufikia miaka 4 au 5 mengi yameng'oka. Baada ya hapo fizi hutulia na kupona, na wazazi huona shida imekwisha. Haijaisha. Meno ya ukubwani yakiota, ugonjwa hurudi, na bila matibabu mengi hung'oka kabla ya miaka 16. Usiache kliniki katika kipindi hicho cha utulivu.

Chanzo ni hitilafu katika jeni iitwayo CTSC, inayosaidia chembe nyeupe za damu kupambana na bakteria. Mtoto huugua akipokea hitilafu hiyo kwa baba na kwa mama, ambao wenyewe ni wazima. Kwa wazazi kama hao, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4. Hutokea zaidi watu wa ukoo mmoja wanapooana. Si laana, wala si kosa la mama. Wadogo zake nao wachunguzwe.

Hakuna dawa ya kuuondoa kabisa. Daktari atasafisha fizi mara kwa mara, atatoa antibayotiki, na huenda akang'oa mapema meno ya utotoni yaliyoathirika, ili bakteria wasiyasubiri yale mapya. Inauma kukubali, lakini ina maana. Nyumbani, mpigishe mswaki wewe mwenyewe asubuhi na usiku, hata fizi zikitoa damu kidogo. Akibaki bila meno, ulizia meno bandia ya watoto. Humsaidia kutafuna, kutamka na kucheka mbele ya wenzake shuleni.

Watoto hawa hupata majipu kwa urahisi, na wachache hupata usaha kwenye ini. Akiwa na homa isiyoshuka au maumivu ya tumbo, mwahishe hospitali siku hiyo hiyo.