Ustadi wa Macho katika Maisha ya Kila Siku

Ustadi wa macho ni uwezo wa kukitambua kitu kwa umbo, rangi, umbali na mwendo wake, na kukikatia hukumu kabla mkono haujanyanyuliwa. Ni uwezo ambao watu hudhani wamezaliwa nao, ilhali sehemu yake kubwa hupatikana kwa kufunzwa na kuzoea. Makala hii yaueleza kwa mfano wa Akheri, kata ya Wameru iliyo katika miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Meru, mkoani Arusha, ambako migomba na mibuni huishi shamba moja, na ambako jicho la mkulima lina kazi tangu alfajiri hata magharibi.

Miongoni mwa waliotangulia kuliweka jambo hili katika misingi ya elimu ni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyefariki Misri yapata mwaka 1040. Katika Kitab al-Manadhir (na hilo neno la mwisho ni ndugu wa damu wa mandhari yetu) alibainisha kuwa mwanga hutoka kwenye vitu ukaingia jichoni, wala si jicho linalorusha miale, na kwamba mengi tuyaitayo kuona ni hukumu za akili zipitazo upesi mno hata mwenyewe asizitambue. Elimu ya baadaye imemuunga mkono. Katika retina, ambayo ni utando ulio nyuma ya jicho, ni kitone chenye upana wa takriban milimita 1.5 tu kionacho kwa ukali. Kwa hiyo jicho halitulii, bali huruka mara kadhaa kwa sekunde moja, likiokota huku na huku, nayo akili huyashona yaliyookotwa yakawa picha moja.

Mruko huo waonekana dhahiri msimu wa kuchuma kahawa. Matunda ya arabika hayaivi kwa pamoja, maana mbuni huchanua kwa awamu, hata tawi moja likabeba mabichi, ya manjano, mekundu, na mengine yaliyokwisha kuingia weusi. Na kiganja kimoja cha mabichi kikichanganywa na mekundu chatosha kuiharibia ladha kahawa yote. Mchumaji hodari hayachunguzi moja moja. Macho yake hutangulia, mkono ukafuata, kidole gumba na cha shahada vikilizungusha tunda mpaka likaachana na kikonyo, ilhali macho yamekwisha kufika tunda la tatu mbele yake. La ajabu zaidi ni kwamba chini ya jani la mgomba mwanga ni wa kijani, na hatua mbili pembeni ni jua tupu. Lau rangi ya tunda lile lile ingepimwa kwa ala, zingepatikana rangi mbili, lakini mchumaji huliona jekundu pote pawili, kwa kuwa akili yake huuondoa mwanga wa mahali katika hesabu. Wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani, na wengi wao ni wanaume, maana upungufu huo hurithiwa kupitia kromosomu ya X, ambayo mwanamume anayo moja tu. Hao hulibonyeza tunda kwa vidole, au hutazama mng'ao wa ganda lake.

Katika mgomba hukumu si ya rangi bali ya umbo. Mkungu hukatwa ungali kijani, na ajuaye hutazama kingo za ndizi: zikiwa kali bado ni changa, zikianza kutuna na kuviringa wakati umewadia.

Siku za gulio la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, ustadi huo hupambana na ustadi mwingine. Jicho la binadamu lina udhaifu wa kuupa kimo uzito kuliko upana, na wauzaji wa nyanya wayajua hayo bila kufundishwa shule: fungu hujengwa likachongoka juu, kubwa zikatangulizwa mbele. Mnunuzi mzoefu huzunguka upande wa pili kwanza.

Kwa vitu vya karibu, umbali hupimwa kwa tofauti ya picha za macho mawili, yaliyoachana kwa sentimita 6 hivi. Kwa vya mbali tofauti hiyo hupotea, na akili hutegemea utando wa vumbi na unyevu ulio hewani. Ndiyo sababu Kilimanjaro, uliofichika wakati wa kiangazi, huonekana asubuhi baada ya mvua ya usiku kana kwamba umesogea hatua kadhaa. Mlima haukusogea, ila hewa imeoshwa.

Umri ukipita miaka 40 lenzi ya jicho hukakamaa, na vya karibu vikaanza kufifia. Bibi humwita mjukuu amtungie uzi sindanoni, na maharage kwenye ungo huanza kupita na changarawe zake. Ubao wa herufi uliobuniwa na Mholanzi Herman Snellen mwaka 1862, ambao wengi huudhani ndio kipimo cha macho chote, hupima ukali wa mbali tu, na bibi huyo yamkini akaufaulu. Jaribio la wachuma chai wa Assam, Uhindi, lililotangazwa mwaka 2018, lilionyesha kuwa miwani ya karibu iliongeza mavuno ya wafanyakazi wa umri huo kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko wasiopewa. Mchuma kahawa hana macho tofauti.

Patandi, jirani na Tengeru, pana chuo cha ualimu wa elimu maalumu, na miongoni mwa watakaofundishwa na wahitimu wake wamo wasioona, ambao husoma kwa ncha za vidole maandishi ya nukta nundu, kila herufi ikitokana na mpangilio wa nukta 6. Walimu wenye kuona, wakijifunza maandishi hayo, aghalabu hushindwa kuyaachia vidole: huiinamisha karatasi dirishani mpaka mwanga uje ubavuni, kila nukta ikatupa kivuli chake kidogo, nao wakavisoma vivuli.