Mbegu Haikupotea, Kilichopotea ni Pesa

Akina mama wenzangu, na ninyi mliotuunga mkono tangu mwanzo, kamati imeniomba niandike asili ya mfuko wetu wa mbegu. Wanachama wapya wanadhani ulizaliwa pamoja na kikundi miaka kumi iliyopita. Hapana. Wazo lenyewe ni la mwaka 1994, hapa hapa Ngara, kabla hatujajua hisa ni nini.

Wenye umri wangu wanakumbuka. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Warundi walikuwa wameshaanza kuingia tangu Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa. Benaco, mahali palipobaki na jina la kampuni ya Kitaliano ya ujenzi wa barabara, pakawa mji. Wageni wakawa wengi kuliko wenyeji wa wilaya nzima. Kuni zikawa safari ya kutwa, mikungu ya ndizi ikatoweka shambani usiku. Lakini tusiwe waongo: wapo kati yetu walioezeka bati kwa fedha ya ndizi na maharage waliyouza kambini. Na wakimbizi wenyewe hawakuwa wa namna moja. Kule walikotoka watu wapatao 800,000, wengi wao Watutsi, waliuawa kwa muda wa siku 100, na kambini waliingia watu wasio na hatia pamoja na wengine waliokuwa wameshiriki mauaji hayo.

Mama mmoja kutoka kambini alikuwa akija kwetu kulima kibarua. Siku ya malipo hakutaka fedha. Aliomba kibaba cha maharage, akakaa chini kuyachagua moja moja: mekundu, meupe, yenye madoa, ya njano. Yaliyotobolewa na wadudu akayaacha. Mimi, kwa ujinga wa ujana, nikamwuliza, "Sasa mama, hayo ndiyo utapika uwashibishe watoto?" Akasema si ya kupika. Ni ya kupanda akirudi kwake. Aliyafunga kwenye pindo la kitenge. Desemba 1996, wakimbizi wa Rwanda walipotakiwa kuondoka, sikumwona tena.

Basi, miaka mingi baadaye nikaja kujua kwamba jambo lile lilikuwa limeshughulisha wataalamu wakubwa. Rwanda ni nchi ya maharage, na mwenye maharage ni mwanamke. Shamba moja huchanganywa aina nyingi: nyingine hustahimili mvua, nyingine huvumilia udongo uliochoka, moja ikishindwa nyingine inaokoa. Hata kabla ya vita, tangu mwisho wa miaka ya 1980, watafiti wa Rubona pamoja na kituo cha CIAT cha Colombia waliwaita wanawake mabingwa wa maharage waje kuchagua aina kwenye mashamba ya utafiti. Walizochagua akina mama zilifanya vizuri vijijini kuliko walizochagua wataalamu. Sisi hatukushangaa!

Mauaji yalipoanza Aprili 1994 maharage yalikuwa shambani, yamepandwa Februari na Machi. Wa kuvuna wamekufa au wamekimbia. Dunia ikasema mbegu za Rwanda zimekwisha. Ukaanzishwa mpango ulioitwa Mbegu za Matumaini, nchi jirani zikazalisha mbegu za kurudishwa kule. Nia ilikuwa njema. Lakini watafiti, akiwemo Bi. Louise Sperling, walipozunguka kuwahoji wakulima walikuta aina nyingi za maharage bado zipo. Kuna aliyevuna kidogo, kuna aliyepewa na ndugu au jirani, na sokoni maharage yalikuwepo. Kilichokosekana ni cha kununulia. Mbuzi wamechukuliwa, ng'ombe wamechinjwa, akiba hakuna. Unasimama mbele ya gunia la mbegu uliyoizoea tangu utoto, mkono mtupu.

Viazi mviringo vilikuwa habari nyingine. Mbegu safi ya viazi ilitegemea mradi wa serikali wenye kituo Ruhengeri, na vita vilipovunja kituo, mbegu ile ikakatika. Tena kiazi hukifichi kwenye chungu chenye majivu miezi sita ukakikuta kizima.

Jambo jingine: mwenye njaa akipewa mbegu peke yake, ataipika. Nani atamlaumu? Ndiyo maana kule ilibidi mbegu itolewe pamoja na chakula.

Hayo ndiyo tuliyoyasema siku ya kuandika katiba ya kikundi. Wafadhili wetu wa wakati ule walipendekeza tujenge ghala la mbegu. Sisi wazee tukakataa, tukasema kila mama ana ghala lake jikoni. Tutengewe fungu la fedha lisilogawanywa mwisho wa mwaka, likopwe Agosti kabla ya kupanda, lilipwe baada ya mavuno. Bila riba. Aliyeuguliwa au kuchomewa nyumba apewe kwanza, na apewe na ya unga.

Fungu hilo nusura lituvunje. Kila siku ya mgao lazima asimame mtu: "Zile ni hisa zetu, zigawanywe zote, vita viko wapi siku hizi?" Mwaka jana tulipiga kura, waliotaka libaki wakashinda kwa kura 3 tu. Sitawataja walioshindwa, maana tunakaa nao benchi moja, na hoja yao ina uzito: mama mwenye mtoto anayedaiwa ada ya shule haelewi kwa nini fedha ilale.

Agosti iliyopita tulikopa 14. Waliokwisha kurudisha ni 12. Kati ya wawili waliobaki, mmoja ni mwandishi wa habari hii, na ameahidi mbele ya mweka hazina kulipa kabla kitabu hiki hakijatoka kiwandani.