Gawio la dhahabu ya Mara: kutoka Buhemba hadi Nyamongo

Dhahabu ya mkoa wa Mara ilianza kuchimbwa enzi za ukoloni, lakini Serikali kuwa mwanahisa wa migodi yake ni jambo la karibuni. Kiabakari na Buhemba, katika wilaya ya Butiama ya leo, ilikuwa migodi ya wenye mitaji binafsi. Serikali ilichukua mrabaha na kodi. Gawio lilikuwa la wenye mtaji.

Buhemba ilirudi katika ramani ya wachimbaji wakubwa kupitia kampuni ya Meremeta, iliyosajiliwa mwaka 1997, hisa zikiwa nusu za Serikali na nusu za Triennex ya Afrika Kusini. Kwenye karatasi, hakuna ubia wa dhahabu mkoani uliowahi kuipa Serikali sehemu kubwa namna hiyo. Lakini mgodi uliendeshwa kwa mkopo, na penye mkopo mdai hulipwa kwanza, mwanahisa akangoja kinachosalia. Uchimbaji ulisimama katikati ya miaka ya 2000 na deni likaiangukia Serikali. Wabunge walipotaka maelezo mwaka 2008, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alijibu kuwa suala hilo linagusa jeshi.

Mgodi wa North Mara, huko Nyamongo wilayani Tarime, ulifuata njia nyingine. Ulifunguliwa mwaka 2002 na Afrika Mashariki Gold Mines, ukapita kwa Placer Dome, kisha Barrick ya Kanada mwaka 2006. Mwaka 2010 Barrick iliikusanya migodi yake ya Tanzania katika African Barrick Gold, iliyoorodheshwa soko la hisa la London na baadaye kuitwa Acacia. Serikali haikuwa na hisa za bure humo. Ilitegemea mrabaha, na kodi ya mapato ambayo haitozwi pale hesabu zinapoonyesha hasara. Hapo ndipo mzozo ulipozuka. Machi 2016 Baraza la Rufani za Kodi liliona kuwa kampuni iliyodai kutopata faida nchini ilikuwa imewalipa wanahisa wake gawio la mamia ya mamilioni ya dola, likaitaka ilipe kodi ya zuio ya takriban dola milioni 41.

Mabadiliko ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yaliingiza aina mpya ya hisa: hisa zisizofifishwa, zisizopungua asilimia 16, ambazo Serikali hupewa bila kutoa mtaji. Kampuni inapotoa hisa mpya ili kuongeza mtaji, mwanahisa wa kawaida asiyenunua huona sehemu yake ikipungua. Ile 16 haiguswi. Hata hivyo, ulinzi huo ni wa umiliki, si wa fedha. Bodi isipotangaza gawio, Serikali nayo haipati.

Mwaka 2019 Barrick ilinunua hisa zote za Acacia ambazo hazikuwa zake, na Januari 24, 2020 ikatia saini mikataba na Serikali iliyohusu kampuni ya ubia ya Twiga: asilimia 84 za Barrick, 16 za Serikali. Maneno “hamsini kwa hamsini” yaliyovuma wakati ule hayakuhusu hisa. Yalihusu manufaa ya kiuchumi, ambamo mrabaha, kodi, tozo na gawio la Serikali vyote huhesabiwa upande mmoja. Oktoba 2020 gawio la kwanza lilitangazwa: dola milioni 250, na za Serikali zikiwa milioni 40.

Fedha hizo huingia Hazina, ambako Msajili wa Hazina ndiye mwenye dhamana ya hisa za umma. Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama hazimo katika daftari la wanahisa, wala ya Tarime haimo. Tarime, kwa kuwa mgodi uko kwake, hupata ushuru wa huduma wa sehemu ndogo ya mauzo, unaotozwa kabla faida haijakokotolewa, hata mwaka ambao bodi haikutangaza gawio lolote.