Kuvu ya mizizi

Kuvu ni neno la hasara: mkate ukiota kuvu hutupwa, mahindi yenye kuvu huogopwa kwa sumu. Kwa hiyo mkulima wa Mapendo, Goma, anayeotesha miche ya stroberi, au fraizi kama wasemavyo huko, akiambiwa aiwekee mizizi kuvu atasita, na ana haki. Lakini udongo wake wenyewe unadai neno hili lipanuliwe. Udongo wa majivu ya volkano, kama ule wa kando ya Nyiragongo, una rutuba, ila huishika fosforasi kwa nguvu hata mizizi michanga isiipate. Kuvu hiyo anayoambiwa aiweke huingia mzizini, hutandaza nyuzi mbali kuliko vinyweleo vya mizizi, huleta fosforasi na maji, nayo hulipwa sukari.

Wapo wanaopendelea kuiita mikoriza, istilahi yenye asili ya Kigiriki aliyoiunda Albert Bernhard Frank mwaka 1885. Ni sahihi, lakini haimwambii mkulima kitu. “Kuvu ya mizizi” humtahadharisha papo hapo kwamba dawa ya kuua kuvu ikimwagwa ovyo kitaluni yaweza kumwangamizia msaidizi wake. Na ni kweli, kuvu nyingine huozesha mizizi. Hiyo tuiite kuvu ya uozo, kila moja ijulikane kwa kazi yake.