Rojo la Makunazi: Utamu wa Mikate ya Mchele ya Korea Kabla ya Sukari

Ukiutaja mkunazi mbele ya Waswahili, kila mmoja ana lake la kukumbuka. Wazanzibari wana mtaa wa Mkunazini, katikati ya Mji Mkongwe. Wenye asili ya Oman wanamjua ndugu yake kwa jina la sidr, mti unaosifika kwa asali. Waislamu wengi wa pwani wanajua kwamba majani yake hutiwa katika maji ya kuoshea maiti. Matunda yake je? Hayo watoto huyaokota chini ya mti na kuyala papo hapo, na ni nadra kuyaona jikoni.

Huko Korea mambo ni kinyume. Mkunazi wao si ule ule wetu, lakini ni wa jenasi moja, Ziziphus. Matunda yake, yaitwayo daechu, yakikauka huwa mekundu na yenye mikunjo, na katika maduka ya vyakula vya Asia ya Mashariki huku ughaibuni huuzwa kwa jina la tende nyekundu, ingawa hayana undugu wowote na mtende. Katika makala haya tumechagua kuyaita makunazi, kwa sababu ndiyo ukweli wa mti wenyewe. Tunataka kueleza historia ya kitu kimoja kinachotokana nayo: rojo la makunazi, kwa Kikorea daechu-go, linalotiwa katika mikate ya mchele na vitamutamu vya jadi. Hoja yetu ni kwamba rojo hili halikuwa pambo. Lilikuwa sehemu ya njia ambayo watu wasio na sukari waliitumia kupata utamu, na ujuzi wa vyakula hivyo ulihifadhiwa hasa na wanawake.

Rojo linavyopikwa

Tuanze na kazi yenyewe, maana bila kuijua kazi hatuwezi kuielewa historia. Makunazi makavu huoshwa vizuri kwa sababu vumbi hujificha katika mikunjo. Hutiwa maji mengi, yakachemshwa kwa moto mdogo kwa saa kadhaa mpaka yavimbe na kulainika. Kisha husuguliwa juu ya chekeche, nyama ya tunda ipite chini, maganda na kokwa zibaki juu. Kilichopita hurudishwa motoni na kukorogwa kwa mwiko wa mbao mpaka kiwe kizito na cheusi chenye wekundu. Hapa mpishi haondoki, kwa sababu rojo likishika chini limeharibika. Haliongezwi sukari. Utamu wote ni wa tunda.

Zipo njia za kubana matumizi pia. Mpishi anayekata nyama ya makunazi vipande vyembamba vya kupambia juu ya mikate hazitupi kokwa. Huzichemsha, kwa kuwa bado zimeshikwa na nyama, na maji yake huyapunguza mpaka yawe mazito. Tunda moja linatoa pambo na utamu.

Silabi ya mwisho katika jina daechu-go nayo ina habari. Neno go hutumika kwa dawa zilizopikwa mpaka zikawa nzito, na hata kwa marhamu. Kwa hiyo jina lenyewe linaliweka rojo hili mpakani mwa jiko na duka la dawa. Katika Donguibogam, kitabu kikuu cha tiba cha Korea kilichoandikwa na tabibu Heo Jun na kuchapishwa mwaka 1613, kunazi limo miongoni mwa matunda yenye faida kwa tumbo. Mkorea aliyekula mkate wenye rojo hili hakuona kwamba anakula kitafunio tu.

Wali wa dawa

Chakula maarufu zaidi chenye makunazi ni yaksik, yaani chakula cha dawa, ambacho pia huitwa yakbap, wali wa dawa. Ni mchele wa kunata uliopikwa kwa mvuke, ukachanganywa na asali, mchuzi wa soya, mafuta ya ufuta, chestinati, mbegu za msonobari na makunazi, kisha ukapikwa tena. Rangi yake ni ya hudhurungi, na rojo la makunazi ni moja ya vitu vilivyoipa rangi hiyo.

Asili yake husimuliwa kwa kisa kilichomo katika Samguk Yusa, kitabu cha karne ya 13 cha mtawa Iryeon. Mwaka 488, mpanda farasi aliyetumwa na Mfalme Soji wa Silla aliongozwa na kunguru hadi mahali alipopewa barua. Nje iliandikwa kwamba ikifunguliwa watakufa wawili, isipofunguliwa atakufa mmoja. Mfalme aliona afadhali afe mmoja, lakini mshauri wake akamwambia kuwa huyo mmoja ni mfalme mwenyewe. Barua ilipofunguliwa ilisema upigwe mshale mfuko wa kinanda cha geomungo. Ndani walikuwamo watu wawili waliokuwa na uhusiano haramu wa siri. Tangu hapo, siku ya 15 ya mwezi wa kwanza wa kalenda ya mwezi ikawa siku ya kuwatolea kunguru sadaka ya wali wa kunata.

Tukikisoma kisa hiki kama wanafunzi wa historia, tunaona jambo moja: kinataja wali wa kunata tu. Makunazi hayamo. Yanaonekana baadaye. Mshairi Yi Saek wa mwishoni mwa enzi ya Goryeo, aliyefariki mwaka 1396, aliandika shairi juu ya wali wa kunata wenye asali, makunazi, chestinati na mbegu za msonobari. Kwa hiyo chakula ambacho leo kinaitwa cha kale kilikua polepole. Sadaka ya kunguru iligeuka kuwa chakula kitamu cha watu.

Utamu usiokuwa wa kila mtu

Kwa nini makunazi? Jibu liko katika bei ya utamu. Katika enzi ya Joseon, iliyoanza mwaka 1392, sukari ilikuwa bidhaa adimu kutoka nje. Utamu ulitokana na asali, shira ya nafaka na matunda. Asali iliheshimiwa kiasi kwamba iliitwa dawa. Mwanazuoni Jeong Yak-yong (1762–1836) alieleza kuwa ndiyo sababu wali wenye asali uliitwa wali wa dawa na vitafunio vyenye asali vikaitwa yakgwa, vitafunio vya dawa.

Lakini asali ilikuwa ghali, na serikali ziliona matumizi yake kuwa anasa. Mwaka 1192, chini ya Goryeo, vitafunio vya asali na mafuta vilikatazwa na watu wakaambiwa watumie matunda ya miti badala yake. Amri kama hizi zilirudiwa katika zama zilizofuata, na kurudiwa kwake kunaonyesha kuwa watu hawakuzitii sana. Hata hivyo zinatuonyesha nafasi ya tunda. Mkunazi ulisimama uani, haukuhitaji ruhusa ya mtu, na matunda yake yakikaushwa yalikaa mwaka mzima.

Tunda hilo lilibeba maana nyingine pia. Katika jesa, ibada ya kuwakumbuka wahenga, kunazi huwa la kwanza katika mpangilio wa matunda mezani unaofuatwa na familia nyingi. Baadhi ya watu hueleza kuwa kokwa yake moja ni mfano wa mfalme. Arusini, wakwe huwarushia bwana na bibi arusi makunazi na chestinati, nao huyadaka kwa kitambaa, ikiwa ni dua ya kupata watoto wengi.

Kwa wakulima wa Boeun, katika mkoa wa Chungcheong Kaskazini, makunazi yalikuwa riziki. Mwaka 1611 mwandishi Heo Gyun, akiwa uhamishoni na chakula chake kikiwa duni, aliandika orodha ya vitu vitamu alivyowahi kula katika nchi nzima. Makunazi ya Boeun aliyaweka juu ya mengine yote kwa ukubwa, wekundu na utamu. Sisi tuliokulia mbali na makwetu tunaielewa orodha kama hiyo bila kuelezwa. Huko Boeun upo msemo wa zamani kwamba mvua ikinyesha katika siku za joto kali la kiangazi, wasichana wa Boeun hulia. Sababu ni ya kilimo: mkunazi huchanua wakati huo, na mvua huharibu maua. Bila makunazi hakuna fedha, na bila fedha msichana hana vitu vya kumpeleka kwa mume. Tunapozungumzia rojo hili tukumbuke kuwa nyuma ya kila bakuli kulikuwa na mwaka mzuri au mbaya wa mtu.

Mikate na vitamutamu

Mikate ya mchele ya Korea huitwa tteok. Mingi hupikwa kwa mvuke katika siru, chungu chenye matundu kitakoni kinachowekwa juu ya sufuria ya maji. Katika Chungcheong kuna mkate uitwao yakpyeon, mkate wa dawa. Unga wa mchele huchanganywa na rojo la makunazi na makgeolli, pombe ya mchele, kisha huchekechwa ili unyevu uenee sawasawa. Juu hupambwa kwa vipande vyembamba vya makunazi na chestinati, ndipo hupikwa. Hapa rojo linafanya kazi tatu kwa pamoja: linatia utamu, linatia rangi, na linaufanya mkate uwe laini na wenye unyevu.

Kitamutamu kingine ni joran, maana yake yai la kunazi. Makunazi hutolewa kokwa, hukatwakatwa, hupikwa kwa asali mpaka yashikamane, kisha hufinyangwa moja moja yapate tena umbo la kunazi. Mwishoni huchomekwa mbegu ya msonobari mahali pa kikonyo. Ni kazi ya subira: unalivunja tunda na kulijenga upya, nalo linarudi bila kokwa na tamu kuliko mwanzo.

Vitabu vya akina mama

Maarifa haya yalitufikiaje? Wanaume wasomi wa Joseon waliandika kwa herufi za Kichina. Jikoni hakukuwa mahali pao, ingawa wapo walioandika juu ya chakula kama Heo Gyun. Vitabu viwili muhimu vya mapishi viliandikwa na wanawake kwa Hangul, mwandiko wa Kikorea wenyewe. Cha kwanza ni Eumsik Dimibang cha Jang Gye-hyang, cha miaka ya 1670 hivi. Mwishoni mwandishi aliwaagiza binti zake wakinakili kitabu lakini wasikichukue kwenda nacho kwa waume zao, na wakitunze kisichakae upesi. Cha pili ni Gyuhap Chongseo cha mwaka 1809, cha Bibi Yi mwenye jina la kalamu Bingheogak. Humo mna mkate wa matunda mapya, ambao unga wake huchanganywa na chestinati, makunazi mabichi na persimoni za msimu.

Msomaji wa Utendi wa Mwana Kupona hatashangaa. Mama anamwandikia binti yake, kwa lugha ya nyumbani, mambo ambayo wanazuoni hawakuona haja ya kuyaandika.

Sukari yaingia

Mwaka 1910 Korea ikawa koloni la Japani na jiko la kifalme likasambaratika. Baada ya vita vya 1950–1953 ndipo sukari ilipobadilisha kila kitu. Mwishoni mwa 1953 kiwanda cha Cheil Jedang kilianza kutengeneza sukari mjini Busan. Katika miaka ya 1960 sukari ilikuwa zawadi ya heshima ya sikukuu. Mtu alibeba mfuko wa sukari kwenda kwa jamaa kama zamani angebeba asali.

Rojo la makunazi halikuweza kushindana. Kwa nini ukae saa nyingi jikoni wakati kijiko cha sukari kinatosha? Lakini tazama kilichotokea kwa yaksik. Wapishi wengi walianza kutumia sukari ya kahawia, na wengine huunguza sukari nyeupe ili kupata rangi. Utamu ulibadilishwa, lakini rangi ya zamani haikuachwa. Yaksik nyeupe isingekubalika mezani. Kwa maoni yetu huu ni ushahidi mzuri wa kihistoria: rangi imebaki ikionyesha mahali palipokuwa na makunazi na asali.

Uhifadhi nao ulianza. Mapishi ya kifalme ya Joseon yaliwekwa katika orodha ya urithi wa taifa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mrithi wa kwanza aliyetambuliwa alikuwa Han Hui-sun, aliyewahi kufanya kazi katika jiko la kasri. Mwaka 2021 utengenezaji wa tteok nao uliingizwa katika urithi wa taifa, bila kuteuliwa mtu mmoja kuwa mwenyewe, kwa kuwa ni ujuzi wa watu wote. Leo rojo la makunazi huuzwa katika chupa, hutiwa katika chai, na watu wanaojali afya wamelirudia. Chupa inaokoa muda. Haifundishi namna ya kukoroga.

Tulichojifunza

Historia ya chakula mara nyingi huandikwa kwa majina ya wafalme na viwanda. Tumewataja wote wawili, lakini waliolibeba rojo hili ni watu wengine: wakulima waliotazama mawingu ya kiangazi na wanawake waliochemsha kokwa ambazo wengine wangezitupa. Ujuzi ulioandikwa kwa Hangul unasomeka hadi leo. Kiasi gani kingine kilipotea kwa sababu kiliaminiwa kuwa kila mtu anakijua?

Swali hilo linatuhusu. Wengi wetu nyumbani tuna bibi au shangazi anayepika bila kupima na bila kuandika, na Kiswahili chetu cha jikoni kinapungua haraka kuliko cha darasani. Tunapendekeza kila mwanachama aandike pishi moja la kwao kwa Kiswahili, pamoja na majina ya vyombo na ya kazi zenyewe, alete klabuni kabla ya mwisho wa mwaka. Na kama Jang Gye-hyang alivyowaagiza binti zake, nakala ichukuliwe, daftari libaki nyumbani.