Jirani Yetu wa Kagunguli

Mwaka 1974, baada ya kuhitimu Chuo cha Ualimu Butimba, nilipangiwa shule moja ya msingi kisiwani Ukerewe. Nilivuka kwa meli kutoka Mwanza hadi Nansio nikiwa na sanduku la mbao, godoro na baiskeli. Nansio wakati ule ulikuwa mji mdogo: gati, soko, maduka machache na harufu ya samaki wakavu. Nikajiambia kwamba hapa hakuna historia. Historia imo katika vitabu nilivyobeba.

Basi nikafundisha ya vitabuni. Watoto walijua kwamba Speke alifika kwenye ziwa hili karibu na Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Ya Ukerewe niliyoyajua yalikuwa machache, na hata hayo yalihusu wageni: kwamba Desemba 1877, zama za Omukama Lukonge, wamisionari wawili wa Kiingereza, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa kisiwani humo. Watoto waliyakariri, wakafaulu, nami nikasifiwa.

Siku moja niliwapa kazi ya nyumbani: kila mmoja aniletee jina la mtu mashuhuri wa kwao. Kijana mmoja wa darasa la sita akasimama akasema, "Mwalimu, Kagunguli yuko mzee aliyeandika kitabu cha mambo yetu sisi." Nikamwuliza kama kitabu hicho kimechapwa. Akajibu kwamba bado. Nikamwambia akae chini, atafute mtu mwingine.

Mzee yule alikuwa Aniceti Kitereza. Alizaliwa mwaka 1896, mjukuu wa Omukama Machunda, akasomea misheni ya Kagunguli, kisha seminari ya Rubya ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Myombekere na Bugonoka, mume na mke waliosumbuka kwa kukosa mtoto. Humo alihifadhi kilimo, uvuvi, dawa, pombe, uchumba na maamkizi ya wazee. Yeye na mkewe Anna nao walizeeka bila mtoto.

Kitabu cha Kikerewe hakikupata mchapishaji. Mzee hakukata tamaa. Akiwa ameshapita miaka sabini, alikitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ilikitoa mwaka 1980, miaka 35 tangu akikamilishe. Mwaka uliofuata aliaga dunia, nakala zikiwa hazijamfikia mkononi.

Miaka yote ile nilipita Kagunguli kwa baiskeli mara nyingi, nikienda kwenye mikutano ya walimu. Sikupiga hodi hata mara moja.

Kitabu chenyewe nilikiona mwaka 1983, mezani kwa rafiki yangu mjini Mwanza. Nilikiazima nikakisoma usiku kwa taa ya kandili. Mambo niliyokuwa nikiwakaripia watoto kwa kuyaita ushamba, kama vile namna ya kumwamkia mkwe na kumkaribisha mgeni, niliyakuta humo yakiwa na maana na mpangilio wake. Niliona haya, nikiwa peke yangu chumbani. Baadaye wengine walikithamini: kikatafsiriwa kwa Kijerumani, na mwaka 2002 kikatoka kwa Kiingereza, kazi ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi ambaye naye ni mzaliwa wa Ukerewe.

Nilipokuwa mwalimu mkuu niliweka desturi moja. Kila mwalimu mpya, kabla ya kushika chaki, alikwenda kuwaamkia wazee watatu wa kijiji na kuniletea alichosikia. Wengine walinung'unika. Waliporudi walikuwa na habari ambazo hazimo katika kitabu chochote.

Yule kijana wa darasa la sita nilikutana naye miaka mingi baadaye kwenye gati la Nansio, mtu mzima mwenye wajukuu. Nikamwomba radhi. Akacheka sana, akasema hakumbuki kabisa jambo hilo, ila anakumbuka vizuri tarehe aliyofika Speke.