Mtoto Kati ya Majimbo Mawili: Ulezi na Mipaka katika Historia ya Sheria ya Marekani

Mwezi Desemba wa mwaka 1946, mama mmoja wa Waukesha, katika jimbo la Wisconsin, aliwachukua watoto wake watatu akaenda nao Lisbon, mji mdogo wa jimbo la Ohio. Baba yao alijua habari za safari hiyo: ndoa ilikuwa imeyumba, na mke alitaka nafasi ya kutafakari. Siku ya kwanza ya mwaka 1947 alimwarifu mumewe kwamba hatarudi. Wakati huo hapakuwa na mahakama yoyote iliyokwisha kusema watoto wakae na nani. Hakuna hati iliyovunjwa, kwa sababu hati haikuwepo.

Kwa msomaji wa Kongo kisa hiki hakielezeki bila kuangalia kwanza neno "jimbo". Kwetu, mama anayetoka Kalemie na mwanawe akahamia Lubumbashi hubadilisha jimbo, lakini habadilishi sheria. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa 2016, ni moja kwa nchi nzima. Jimbo la Marekani ni kitu kingine. Lina bunge lake, mahakama zake na sheria zake za ndoa na talaka, na katika mambo ya jamaa serikali ya shirikisho kwa desturi hukaa kando. Kuvuka mpaka wa Wisconsin na kuingia Ohio ni kutoka chini ya hakimu mmoja na kwenda chini ya mwingine, ambaye halazimiki kumtii yule wa kwanza ila kwa kadiri Katiba inavyomwamuru.

Katiba hiyo, iliyoandikwa 1787, ilikwisha kuagiza kila jimbo liziheshimu hukumu za majimbo mengine. Ugumu ni kwamba hukumu ya ulezi haifanani na hukumu ya deni. Deni likiamuliwa limekwisha. Mtoto hukua, wazazi huoa tena, huhama, huugua, na kwa sababu hiyo hakimu aliyetoa amri ya ulezi huweza kuibadilisha mwakani. Ikiwa yeye mwenyewe aweza kuibadilisha, kwa nini hakimu wa jimbo la pili asiweze?

Swali hilo lilifika katika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1947, katika shauri la Halvey. Mke alitoka New York mwaka 1944 pamoja na mtoto, bila ridhaa ya mumewe, akaenda Florida na kudai talaka huko. Siku moja kabla ya hukumu, baba alimchukua mtoto kwa siri na kumrudisha New York. Florida ikampa mama ulezi. New York nayo ikaitambua haki ya mama, lakini ikaongeza haki ya baba kumwona mwanawe. Mahakama ya Juu ilikubali: jimbo la pili laweza kubadilisha amri kwa kadiri ileile ambayo jimbo la kwanza lingeweza. Fundisho ambalo wazazi na mawakili wao walilipata halihitaji ufafanuzi mrefu. Aliyeshindwa katika jimbo moja alikuwa na sababu ya kujaribu jingine, mradi tu mtoto awe mkononi mwake.

Turudi Lisbon. Mwanzoni mwa 1947 baba alifungua shauri la talaka huko Wisconsin. Mke alikabidhiwa hati za mahakama mkononi, akiwa Ohio, wala hakuitika. Wisconsin ikatoa talaka na kumpa baba ulezi. Baba akaenda Ohio na nakala ya hukumu, akafuatana na polisi wa mahali hapo, akakabidhiwa watoto. Wakaishi naye hadi Julai 1951, alipowapeleka kumtembelea mama yao. Mara hii mama ndiye aliyekataa kuwarudisha. Mahakama za Ohio zilijiona zimefungwa na hukumu ya Wisconsin, lakini mwaka 1953, katika shauri linalojulikana kwa jina la May dhidi ya Anderson, Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi wao. Haki ya mama juu ya watoto wake, walisema majaji walio wengi, haiwezi kukatwa na mahakama isiyo na mamlaka juu ya nafsi yake. Jaji Jackson alipinga vikali. Aliona kwamba kwa kanuni hiyo anayemshika mtoto ndiye atakayeshinda, na kwamba kila mzazi atajichukulia haki kwa mikono yake.

Hapana budi kukiri kwamba kila upande ulikuwa na hoja nzito. Je, ni haki mama anyang'anywe watoto na mahakama iliyo mbali, asiyoweza kuifikia? Na je, ni haki baba aliyebaki nyumbani alazimike kumfuata mkewe katika kila jimbo atakalochagua? Sheria ya jinai haikumsaidia yeyote. Sheria ya shirikisho ya utekaji nyara ya 1932, iliyotungwa baada ya mtoto wa Lindbergh kuibwa, ilirekebishwa 1934 na kumwacha mzazi nje ya adhabu zake.

Njia ya kutoka ilitafutwa na wanasheria wa baraza linalotunga vielelezo vya sheria ili kila jimbo livipitishe lenyewe. Kielelezo cha 1968, ambacho mwandishi wake mkuu alikuwa Profesa Brigitte Bodenheimer, kiligeuza swali. Badala ya kuuliza mtoto yuko wapi leo, au nani ana mamlaka juu ya mzazi yupi, kiliuliza mtoto ameishi wapi. Jimbo alimoishi miezi sita mfululizo kabla ya shauri kufunguliwa likawa jimbo lake la nyumbani. Mtoto akiondolewa na mzazi mmoja akabaki, jimbo hilo haliipotezi sifa hiyo papo hapo: mzazi aliyebaki ana miezi sita ya kwenda mahakamani.

Kufikia katikati ya miaka ya 1980 majimbo yote yalikuwa yamekipitisha. Hata hivyo kielelezo kiliacha mlango wa pili wazi, kwani jimbo lenye uhusiano mkubwa na mtoto nalo liliweza kudai shauri, na mahakama mbili zikaweza kuendelea kugongana. Sheria ya shirikisho iliyotiwa sahihi na Rais Carter tarehe 28 Desemba 1980 ililipa jimbo la nyumbani kipaumbele, na kielelezo kipya cha 1997 kikaingiza kipaumbele hicho ndani ya sheria za majimbo yenyewe.

Kwa hiyo mzazi anayehama leo bila amri ya ulezi hayuko mahali pasipo sheria, kama wengi wanavyodhani. Kwa kawaida, baba na mama waliooana wana haki sawa mpaka hakimu aseme. Katika Ohio, mama asiyeolewa ndiye mlezi pekee hadi mahakama itoe amri. Lakini kalenda imekwisha kuanza kuhesabu, na baadhi ya majimbo humwadhibu mzazi anayemficha mtoto hata kabla ya amri.

Kalenda haiulizi kwa nini mtu aliondoka. Mama aliyekimbia kipigo usiku na aliyekimbia kwa kumkomoa mumewe huhesabiwa siku zilezile. Ndiyo maana kielelezo cha 1997 kiliruhusu jimbo la kimbilio kutoa amri ya muda pale ambapo mtoto, ndugu yake au mzazi wake anatishwa, na kikamwagiza hakimu wa jimbo la nyumbani autazame ukatili wa nyumbani anapopima kama aliachie jimbo jingine shauri. Amri hiyo ni ya muda tu. Uamuzi wenyewe kwa kawaida hubaki nyumbani, pale alipo yule aliyekimbiwa.

Neno la Kiingereza linalotumika katika mashauri haya ni lilelile litumikalo kwa mtu aliyewekwa mahabusu. Kiswahili, kwa kusema "ulezi", kinataja kazi, si kushikilia, na labda miezi sita ya 1968 ilikuwa jaribio la kuikaribia maana hiyo.

Hukumu ya 1953 haijafutwa hadi leo. Mahakama za majimbo kwa jumla zimepita kando yake, zikiuona ulezi kuwa jambo la hali ya mtoto kuliko la haki ya mzazi. Kwa kanuni za sasa, Wisconsin ingekuwa jimbo la nyumbani la watoto wale watatu, na baba angekuwa na muda hadi Juni 1947. Hati alizokabidhiwa mama mkononi huko Lisbon, ambazo hazikutosha mwaka 1953, zingetosha.